Kadi kubwa haitakurushia ndege

"Fundi, nitafutie kadi kubwa ya grafiki, simuleta inakwamakwama." Hapa Mwanza naambiwa hivyo na wanafunzi wa urubani, na wakufunzi wao pia. Jamani! Kwenye X-Plane na Microsoft Flight Simulator, programu za kuigiza urushaji wa ndege kwenye kompyuta, mara nyingi kinachobana ni prosesa (CPU, ubongo wa kompyuta), tena kori moja tu, yaani kitengo kimoja cha kazi ndani ya prosesa hiyo. Mwendo wa ndege, mifumo yake, maandalizi ya vitu vya kuchorwa: sehemu kubwa hupita kwenye thredi kuu moja, yaani foleni moja ya kazi. Kadi ikimaliza yake mapema, inakaa kusubiri.

Usinibishie, pima. X-Plane inaonyesha milisekunde za CPU na za GPU (kadi ya grafiki) kwa kila fremu, yaani kila picha moja inayochorwa kwenye skrini. Ukiona CPU 45 na GPU 15, uko kwenye fremu 22 kwa sekunde, na hata ukileta kadi ya milioni tatu utabaki hapohapo. Punguza idadi ya majengo na miti, punguza ndege za trafiki, ondoa skrini za pembeni. Hiyo ni bure, lakini cha bure hakuna anayekitaka.

Kwa anayejiandaa na kazi, hili si suala la picha nzuri. X-Plane ikishuka chini ya fremu 20 hivi, inapunguza mwendo wa muda ili hesabu zake zisiharibike. Ukiwa kwenye fremu 15, dakika moja ya holdingi (kuzunguka angani ukisubiri) juu ya Mwanza inakula sekunde 80 za saa ya ukutani. Unazoea ndege nzito ambayo hakuna kiwanda kimeitengeneza.

"Kori 16 zinashinda 8." Si hapa. Prosesa ya Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022 ina kori 8 na kashe ya L3 (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 96, na kwenye simuleta iliwapita ndugu zake wenye kori 16.

"Nijaze RAM ya GB 128." GB 32 zinawatosha wengi. Ikishatosha, ya ziada inalala tu.

"Laptop yangu ni ya gemu, inatosha." Irushe nusu saa ndipo uniambie. Feni ikijaa vumbi la Igoma, joto linapanda na prosesa inajipunguza kasi yenyewe.

"Saa za nyumbani naziandika kwenye logibuku." Kwenye daftari hilo la saa za urubani hazihesabiki, labda kifaa chenyewe kiwe kimeidhinishwa na mamlaka ya anga.

Hela ya kadi nunulia UPS, umeme wetu unaujua. Ikibaki, chukua pedali za miguu za kuongozea ndege ya simuleta.