Je, wajua kwa nini seva hufika kwenye diski zake kwa nyaya mbili zisizofungwa pamoja?

Ukiingia chumba cha seva cha ofisi kubwa kidogo pale Posta au Upanga, Dar es Salaam, usishangae kukuta seva hazina diski za maana ndani. Mishahara, hesabu na kumbukumbu za wateja ziko kwenye kabati la diski pembeni. Kiungo mara nyingi ni iSCSI, utaratibu uliosanifishwa mwaka 2004: amri za diski hufungwa ndani ya pakiti za TCP (utaratibu wa kawaida wa kusafirisha data mtandaoni) na kupita kwenye swichi za kawaida, nayo seva huiona diski kama imechomekwa humo humo.

Fundi mgeni akikuta seva ina porti mbili za mtandao, kila moja ya gigabiti moja kwa sekunde, hukimbilia kuzifunga pamoja apate gigabiti mbili. Hazipati. Porti ya kupitia huchaguliwa kwa kukokotoa anwani za pande mbili, na muunganisho mmoja wa TCP hutoa jibu lile lile kila mara. Makusudi kabisa, ili pakiti zisipishane njiani. Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kibaha imepanuliwa ikawa njia nane, lakini daladala moja haiwezi kukimbia kwenye njia mbili kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo kila porti huachwa ijitegemee. Ya kwanza hupewa, tuseme, 10.10.1.11, ya pili 10.10.2.11, kila moja kwenye swichi yake, na kabati huwa na anwani pande zote mbili. Seva hufungua vikao viwili kwa diski ile ile, kisha programu ya njia nyingi (MPIO kwenye Windows, multipathd kwenye Linux) husoma utambulisho wa diski na kugawa kazi. Bila programu hiyo seva huona diski mbili, na atakayeziandikia zote mbili ataharibu data.

Na kwa nini subneti mbili, yaani vipande viwili tofauti vya mtandao, 10.10.1 na 10.10.2? Kwa sababu Linux huchagua mlango wa kutokea kwa kuangalia pakiti inakwenda wapi. Porti zote zikiwa subneti moja, mzigo huweza kutokea mlango mmoja huku mwingine umekaa bure. Yapo makabati yanayotaka subneti moja, kila kikao kikifungwa kwenye porti yake, kwa hiyo mwongozo wa mtengenezaji usomwe kwanza. Lango la kutokea nje usiliweke kabisa kwenye porti hizi.

Kinachosumbua zaidi ni ukubwa wa fremu. Ukiweka MTU (ukubwa wa juu wa pakiti, kwa baiti) 9000 kwenye seva na kabati, ukaisahau swichi katikati, kila kitu kitaonekana kizima: pingi (pakiti ndogo ya kujaribu kama upande wa pili unajibu) inajibu, kikao kinafunguka, diski inaonekana. Anza kunakili faili kubwa, mambo yanaganda. Pingi ya kawaida ni ndogo mno kuliona tatizo. Jaribu hivi kwenye Linux, tuseme anwani ya kabati ni 10.10.1.100:

ping -M do -s 8972 10.10.1.100

Hiyo 8972 ni 9000 ukitoa baiti 20 za kichwa cha IP na 8 za ICMP (utaratibu unaotumiwa na pingi), na «-M do» hukataza pakiti kukatwa vipande. Rudia kwa subneti ya pili. Halafu, kabla watumiaji hawajaingia, chomoa waya mmoja wakati faili inanakiliwa: kazi isite kidogo, kisha iendelee kwa waya wa pili.