Hotelini, linda mlo wa asubuhi

Chakula cha asubuhi hotelini mara nyingi kimo ndani ya bei ya chumba, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Mtu anajaza sahani ili pesa yake isipotee, anakula mkate mweupe, keki na juisi, kisha ikifika saa nne njaa inamrudia. Mimi nasisitiza mlo huu kuliko mingine yote ya safarini kwa sababu ndio pekee unaoujua saa yake na unaoviona vyakula vyake kabla ya kuchagua. Cha mchana kitategemea mkutano umeisha saa ngapi.

Kwanza pita kwenye bafe mikono mitupu, toka mwanzo hadi mwisho. Ukianza na sahani mkononi, itajaa mikate kabla hujafika kwenye mayai. Ukirudi, nusu ya sahani iwe mboga na matunda, kisha mayai mawili na mtindi usiotiwa sukari. Kama kuna mpishi wa omleti, zungumza naye kabla hajamimina mafuta: mafuta nusu, mboga nyingi, chumvi usiweke.

Juisi ndiyo inayowaponyoka wengi. Glasi ya mililita 250 ya juisi ya chungwa, hata iliyokamuliwa papo hapo, ina sukari ya gramu 20 hivi au zaidi. Shirika la Afya Duniani linahesabu sukari ya juisi pamoja na ile ya kuongezwa, na kiwango bora kwa mtu mzima ni kutozidi takriban gramu 25 kwa siku nzima. Kula chungwa lenyewe; nyuzinyuzi zake pia zitakusaidia choo kisifunge, maana safarini tunakaa sana na maji tunakunywa kidogo.

Chakula cha moto kinapaswa kubaki juu ya nyuzi joto 60 za Selsiasi, cha baridi chini ya nyuzi 5. Kipimajoto huna, basi tumia macho: ukifunua kifuniko, mvuke uinuke. Mayai yaliyokauka pembeni na yasiyotoa mvuke yaache, subiri trei mpya.

Friji ndogo ya chumbani imewekwa kupoza vinywaji. Nyingi hazifiki nyuzi 5, na katika hoteli nyingi umeme wa chumba hukatika ukichomoa kadi ukutani, hivyo friji inaweza kuzimika kutwa nzima bila wewe kujua. Kuku aliyebaki jana usiku usimhifadhi humo. Weka chumbani vitu visivyohitaji baridi: matunda yenye ganda, karanga zisizo na chumvi (kiganja kimoja, gramu 30, kinatosha kwa mara moja) na oti za haraka. Nusu kikombe cha oti, maji ya moto mililita 200, funika dakika tano, basi. Maji ya kwanza ya birika la umeme yachemshe na kuyamwaga.

Usiku agiza sosi iletwe pembeni, na mboga badala ya chipsi, wahudumu wamezoea.

Ukiondoka alfajiri kabla ya bafe kufunguliwa, waombe mapokezi tangu jioni wakufungie chakula, na utaje unachotaka: mayai ya kuchemsha, matunda mazima, mkate wa ngano isiyokobolewa. Usipotaja, aghalabu utapewa keki na juisi ya boksi. Mayai hayo uyale ndani ya saa mbili tangu yatoke kwenye baridi.