Mtoto aliyezama haning'inizwi, anapuliziwa

Wiki hii tena. Mtoto wa miaka mitatu hivi kaletwa mapokezi hapa Kigoma, nguo zinachuruzika maji ya ziwa, na kaka aliyemleta kwa bodaboda ananiambia, "Daktari, tulishamning'iniza miguu juu, maji yametoka mengi." Sikumgombeza, alikuwa analia. Ila nimelisikia hili Kibirizi, Katonga na Ujiji hadi limenichosha.

Maji yale yametoka tumboni! Aliyezama kwa kawaida huvuta maji machache tu mapafuni, na haya yetu yasiyo na chumvi hunyonywa upesi kuingia kwenye damu. Hakuna cha kumwaga. Ukimminya tumbo unampandishia matapishi kooni, kisha anayavuta mapafuni. Na dakika zote hizo hapumui.

Hapo ndipo hata wenzangu wa kazini wananiudhi: wanakimbilia kukandamiza kifua kabla ya kumpulizia. Mtu mzima moyo wake huweza kusimama ghafla huku damu ingali na oksijeni, ndiyo maana mitaani wanafundishwa kukandamiza kifua tu. Kwa mtoto ni kinyume: kuzama, nimonia, malaria kali, vyote humaliza oksijeni kwanza, moyo unapunguza kasi, ndipo unasimama. Ukikandamiza bila kumpulizia, unazungusha damu isiyo na kitu.

Kwa hiyo pumzi kwanza. Miongozo ya Ulaya inataka pumzi 5 za mwanzo, kisha kukandamiza kifua mara 15 kwa pumzi 2 mkiwa wawili. Aliye peke yake asiye mtaalamu, 30 kwa 2. Kandamiza mara 100 hadi 120 kwa dakika, theluthi ya unene wa kifua. Adrenalini, dawa ya kuuamsha moyo, mikrogramu 10 kwa kilo ya uzito. Hayo wenzangu mnayajua.

Msilolijua ni shingo. Kichanga ana kisogo kikubwa. Ukimlaza chali tu, kidevu kinashuka kifuani na njia ya hewa inajikunja. Ukimrudisha kichwa nyuma kama mtu mzima, inabana pia. Uso uelekee juu moja kwa moja, kitambaa kilichokunjwa kiwe chini ya mabega. Mkubwa kidogo, mwinue kidevu zaidi. Halafu ambu, ule mfuko wa kupulizia hewa wenye barakoa: msiuminye wote kama mnavukuta mkaa, hewa inajaza tumbo. Minya taratibu, macho kwenye kifua, kikianza kuinuka achia. Kisipoinuka, usiongeze nguvu. Rekebisha shingo, ziba barakoa upya.

Mapigo? Nimewahi kushika mshipa nikasema upo, mwenzangu akashika uleule akasema haupo. Siku hizi sekunde 10 zikipita sina uhakika, naanza kukandamiza.

Na lini pa kuacha, hilo bado linaninyima usingizi. Hakuna dalili moja ninayoiamini. Nawauliza wote waliozunguka kitanda, kwa sauti, kama kuna tulichosahau. Mama akitaka kubaki, namsogeza karibu na kichwa cha mwanawe, amshike shavu, nasi tunaendelea.