Kwa nini filamu za Kihindi huchanganya Kiurdu na Kipunjabi?

Ukitega sikio vizuri kwenye filamu ya Kihindi, utasikia kwamba mhusika anayemlilia mpenzi wake husema *dil*, *ishq* na *mohabbat*, maneno ya Kiurdu, lakini arusi ikianza na ngoma ya dhol ikalia, yeye yule huimba *kudi* (msichana), *munda* (mvulana) na *soniye* (mrembo wangu), na hicho ni Kipunjabi. Mchanganyiko huo haukubuniwa studioni.

Waingereza walipoitwaa Punjab mwaka 1849, walikifanya Kiurdu kuwa lugha ya ofisi na shule za jimbo hilo, huku Kipunjabi kikibaki lugha ya nyumbani, ya shambani na ya mashairi ya masufi. Mtoto wa Lahore au Ludhiana, awe Mwislamu, Mhindu au Kalasinga, alibembelezwa kwa Kipunjabi na mara nyingi akafundishwa kuandika kwa Kiurdu. Watoto hao ndio waliokuja kuandika, kuongoza na kuimba filamu. Sahir Ludhianvi, mzaliwa wa Ludhiana, alitunga nyimbo za filamu za Bombay (Mumbai ya leo) kwa Kiurdu kilichotakata. Punjab ilipogawanywa kati ya India na Pakistan mwaka 1947, wasanii wengi wa Lahore walijikuta Bombay. Noor Jehan, mzaliwa wa Kasur, yeye aliiacha Bombay akaenda Pakistan, ambako aliimba kwa lugha zote mbili kwa miongo kadhaa.

Lugha hizi ni ndugu, hivyo mtazamaji wa Delhi au Karachi hapotezwi na neno la Kipunjabi likiingizwa katikati ya sentensi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wimbo «Chaiyya Chaiyya» wa filamu *Dil Se* ya mwaka 1998, ule unaochezwa juu ya behewa la treni. Mtunzi wa maneno yake, Gulzar, alizaliwa Dina, mji ambao leo uko Pakistan. Kiitikio chake kinatokana na «thaiyya thaiyya» ya Bulleh Shah, msufi aliyeghani kwa Kipunjabi, zaidi ya karne mbili kabla, jinsi mahaba yalivyomfanya acheze. Lakini beti zenyewe zimejaa Kiurdu, kwa maneno kama *ishq* na *jannat* yaliyotoka Kiarabu, na hapo Mswahili hahitaji mkalimani, maana kwetu ni ashiki na janna.