Unapotaka kufadhili nyumba kongwe ya Bagamoyo

Sewa Haji Paroo alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi aliyetajirika Bagamoyo kwa kuipatia misafara ya bara bidhaa na wapagazi. Jumba lake la ghorofa alilitoa liwe shule, kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wapokelewe. Alifariki 1897. Fedha zake zilijenga hospitali pia Dar es Salaam, ndiyo maana hadi leo Muhimbili kuna Jengo la Sewa Haji. Mimi lile sharti nalithamini kuliko hata jumba lenyewe. Alitoa mali, akasema na namna ya kuitumia.

Wafadhili wanaotujia siku hizi wana moyo uleule, ila wengi hukabidhi fedha wakaenda zao. Fundi naye hununua saruji, maana ndiyo iliyo dukani. Hapo nyumba huanza kufa.

Kuta zetu kongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa. Tumbawe lina vitundu, hunyonya maji ya ardhini pamoja na chumvi. Lipu ya chokaa huuachia unyevu utoke taratibu. Ya saruji huufungia ndani. Basi unyevu hupanda ukutani mpaka kwenye vichwa vya boriti za mikoko, boriti zikaoza, sakafu ya juu ikalegea. Chumvi nayo ikikauka nyuma ya saruji humega jiwe kidogo kidogo. Na muda wote huo, kwa nje, ukuta unapendeza!

Kwa hiyo, ndugu mfadhili, andika sharti lako. Itumike chokaa iliyozimwa vizuri kwa maji na kuachwa iive. Fungu la fedha libaki kwa ukaguzi wa kila baada ya masika. Na fundi mzee apewe vijana wa kuwafunza, alipwe kwa kuwafunza.

Sanaa nayo ni hivyohivyo. Tamasha la Bagamoyo lipo tangu 1982, na wengi hupenda kulipia jukwaa na taa. Anayejua kuwamba ngoma hupata nini? Kumlipa yeye mwaka mzima, afundishe watoto, ni ufadhili mkubwa.

Jambo la mwisho ni milango. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo ya kabla ya 1863, na milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940. Usiruhusu ing'olewe, hata ikiwa imechakaa, kabla hujaenda kwa wataalamu wa Mambo ya Kale kuomba kibali.