Ya asili lakini inawasha: maswali kuhusu faundesheni ya krimu

Kila nikipaka faundesheni uso unawasha na kutoka vipele. Muuza duka wa Darajani, soko la Mjini Unguja, kaniambia nitafute ya asili. Itanifaa?

Huenda ikakufaa, huenda ikakuwasha zaidi. Karafuu ya Pemba ni ya asili, na mafuta yake yana eujenoli, kitu kinachojulikana sana kwa kuleta mzio wa ngozi. Mafuta ya mdalasini na ya maua ya langilangi nayo ni hivyo hivyo. Najua sisi tuliolelewa na singo, ile ya maua na viungo ya kusugulia mwili, hatupendi kuyasikia haya, lakini ngozi ikishakataa kitu haiulizi kimetoka shamba au kiwandani. Kwa ngozi kama yako, kukosa harufu ni muhimu kuliko kuwa ya asili.

Sasa nitizame nini kwenye kopo?

Orodha ya viambato, na iwe fupi. Huandikwa kwa kuanzia kilicho kingi. Ukiona "parfum" au "fragrance", lirudishe kopo, hata kama halinukii. Wakati mwengine manukato hutiwa ili kufunika harufu ya mafuta yenyewe. Zinki oksaidi na titani dioksaidi ni madini yanayovumilika na ngozi nyingi. Rangi ya kahawia hutokana na oksaidi za chuma, ambazo lebo huziandika CI 77491, CI 77492 na CI 77499. Hizo zina faida nyengine kwa ngozi zetu: huzuia sehemu ya mwanga unaokoza madoa meusi ya mashavuni, yale yanayowapata wengi wakati wa ujauzito. Hata hivyo krimu ya kukinga jua bado unaihitaji chini yake.

Nikitengeneza mwenyewe kwa mafuta ya nazi, kakao na mdalasini?

Mafuta ya nazi mwilini hayana neno. Usoni, kwa mwenye chunusi, huziba vinyweleo. Mdalasini uache jikoni. Ndimu ndiyo kabisa usiikaribishe: ikipata jua juu ya ngozi inaweza kuunguza na kuacha alama nyeusi kwa wiki kadhaa. Na ukitia marashi ya mawaridi au maji yoyote bila kihifadhi, kwa joto letu hili vijidudu huzaliana humo upesi.

Krimu au ya majimaji?

Ngozi kavu, krimu. Ngozi ya mafuta, hasa kaskazi, krimu nzito itayeyuka kabla hujafika kazini.

Nitaijaribuje bila kuharibu uso?

Paka kidogo ndani ya mkono, karibu na kiwiko, mara mbili kwa siku, kwa siku 7 hadi 10. Ikiwasha au ngozi ikiwa nyekundu, ioshe na uiache. Bi harusi afanye hivi mapema, si asubuhi ya shughuli, na mpambaji amtumilie sponji safi. Aliyewahi kuvimba kwa piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea mikono, amwambie mpambaji hilo pia, maana dawa iliyomo kwenye piko, PPD, imo hata katika rangi nyingi za nywele.

Sipati rangi yangu. Muuzaji kasema nijing'arishe kwanza.

Usimsikilize. Mkorogo, yaani krimu za kung'arisha ngozi, mara nyingi huwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi. Steroidi hukondesha ngozi, na baada ya miezi kila kitu kinachoma, mpaka sabuni. Wengi wanaodhani wamezaliwa na ngozi nyepesi kuwasha walianzia hapo. Kama umeshatumia, mwone daktari wa ngozi upesi, maana ukikata steroidi ghafla uso unaweza kufura, na chukua kopo lenyewe uende nalo. Kipodozi unachokitilia shaka waoneshe Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ndio wanaosimamia vipodozi visiwani. Lakini midomo au macho yakivimba, au pumzi ikibana, nenda hospitali papo hapo.