Kasi ya kuoanisha flashi: ule mstari mweusi unatoka wapi?

Tulikuwa kwenye kwanjula, sherehe ya Waganda ya kutambulisha wachumba, nje kidogo ya Kampala. Kijana mmoja mpiga picha akanijia jasho linamtiririka: "Kaka, kamera yangu imekufa." Akanionyesha kioo cha nyuma. Juu kila kitu safi: mabega yaliyosimama ya gomesi, yale magauni ya sherehe, maua, wazee ndani ya kanzu na makoti. Chini, pale mabinti walipopiga magoti mkekani kuwasalimu wageni, giza tupu, limekatwa kwa mstari ulionyooka kama wa rula. Nikatafuta namba moja tu pembeni ya kioo, ile ya kasi ya shata: 1/800 ya sekunde. Kamera ilikuwa nzima.

Kasi ya kuoanisha flashi ni kasi ya juu kabisa ambayo shata, mlango unaoruhusu mwanga uingie, bado inaweza kuwa wazi yote kwa wakati mmoja, ili mwako wa flashi uifikie sensa nzima, yaani kile kibao cha ndani kinachonasa picha. Kwa kamera nyingi tunazobeba kwenye sherehe ni 1/200 au 1/250 ya sekunde. Canon 6D ni 1/180. Kamera nyingi za filamu za zamani, zenye shata ya kitambaa, ziliishia 1/60 tu.

Shata hii ni mapazia mawili. Ukibonyeza, la kwanza linashuka na kuifunua sensa. Muda ukitimia, la pili linafuata kuifunika. Ukipandisha kasi, mapazia hayakimbii zaidi ya hapo. Kinachopungua ni muda ambao la pili linalisubiri la kwanza. Kwa 1/125, la kwanza limeshafika chini na la pili bado limetulia juu, sensa iko wazi yote, na flashi inapiga hapo. Kwa 1/800, la pili linaondoka kabla la kwanza halijafika. Kinachopita mbele ya sensa ni mwanya mwembamba unaoteremka. Flashi nayo huwaka kufumba na kufumbua, mara nyingi chini ya 1/1000 ya sekunde, kwa hiyo inaangaza pale tu ulipo mwanya. Na kwa kuwa lenzi huipindua picha juu chini, pazia linalofunika juu ya sensa hula chini ya picha. Ukiishika kamera wima, giza linahamia ubavuni.

Juani ule mstari hauwi mweusi tititi, ni weusi hafifu tu, maana mwanga wa jua unafika kote. Chini ya hema ndipo unapoumbuka.

"Mbona kamera haikunizuia?" aliniuliza, na swali lake lilikuwa la haki. Flashi inayoelewana na kamera, ikikaa juu yake, kwa kawaida kamera yenyewe inakataa kupita kasi ya kuoanisha. Yeye alikuwa na triga (kifaa cha kuiwasha flashi kutoka mbali) ya bei nafuu, yenye pini moja katikati, isiyojua lugha nyingine zaidi ya "piga!" Triga za namna hiyo pia huchelewa kidogo. Ndiyo maana kamera iliyoandikiwa 1/200 inaweza kutoa ukanda mwembamba wa giza hata kwenye 1/200 hiyohiyo. Shuka 1/160 au 1/125, na mara nyingi unakwisha.

Kwa nini alipanda hadi 1/800? Kanzu nyeupe nje ya hema zilikuwa zinaungua pichani, nyeupe tupu, kwa jua la saa saba. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Shata inatawala mwanga wa jua tu. Mwanga wa flashi unatawaliwa na nguvu ya flashi yenyewe, umbali wake, tundu la lenzi na ISO, yaani wepesi wa sensa kupokea mwanga. Kwenye jua kali, kwa ISO 100 na 1/250, utahitaji tundu dogo, karibu f/11. Ukitaka tundu kubwa la f/4 ili mandhari ya nyuma ilainike, funga kichujio cha ND8, kinachopitisha sehemu moja kati ya nane ya mwanga, na ubaki palepale 1/250. Njia nyingine ni flashi yenye uwezo wa kasi ya juu, inayomwaga mwanga kwa midundo mfululizo wakati mwanya unapita. Inafanya kazi, ila nguvu inashuka sana na betri linalia. Mimi napendelea kichujio.

Si kila giza ni la shata. Kivuli cha chini chenye ukingo wa mviringo, hasa ukitumia flashi ndogo ya kwenye kamera, ni cha kofia ya lenzi, ile pete ya mbele inayokinga jua: ivue. Flashi isipowaka kabisa, angalia kama umewasha shata ya kimya, kwani kamera nyingi huizima flashi hapo. Ukiona ukanda hata bila flashi kwenye kasi za juu, huenda pazia linakwama, mpelekee fundi.

Kabla ya sherehe, ingia chumba chenye giza na upige ukuta mweupe kwa triga yako: 1/125, 1/160, 1/200, 1/250. Andika kwenye kipande cha plasta pale ukanda unapoanza, ukibandike chini ya kamera.

Kijana alishuka 1/160, akabana tundu hadi f/8. Kundi la pili la mabinti lilipoingia na kupiga magoti, picha ilionyesha mpaka nyuzi za mkeka.